Mnusaji na Kile Kilichotoka Mai Mahiu

Kwa miaka kadhaa niliamini, tena bila chembe ya shaka, kwamba jirani yangu alitapika kansa yake yote kando ya barabara pale Mai Mahiu. Niliamini kwamba ilikuwa kubwa kama ngumi ya seremala, nyeupe, yenye manyoya na meno mawili ya mbele, na kwamba ilipoanguka chini ilijaribu kukimbilia chini ya lori. Dereva wa lori hilo, mtu aliyeapa kwa jina la mama yake kila alipofungua mdomo, alisema aliiwahi kwa spana. Ikalia kama chura, akasema. Ikanuka mpaka kuku wa hoteli ya karibu wakahama.

Usinicheke. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na katika shule ya usiku nilikuwa nimekwisha kufika kwenye desimali. Lakini desimali hukaa kichwani, na habari ya kitu chenye meno huenda moja kwa moja tumboni. Ukishaimeza, mwalimu gani ataitoa?

Jirani huyo tulimwita Mnusaji. Hata mkewe alimwita hivyo akikasirika. Kazi yake katika kiwanda cha maziwa hapa Nakuru ilikuwa kunusa. Malori yalipoteremsha madebe ya maziwa kutoka mashamba ya wazungu, yeye alisimama juu ya jukwaa la saruji na aproni nyeupe kuliko dhamiri ya mtoto mchanga, akafungua kifuniko, akakigeuza, akakipeleka puani. Hakunusa maziwa. Alinusa kifuniko. "Maziwa yanajua kujifanya," alituambia sisi tuliosafisha madebe. "Kifuniko hakina akili hiyo." Kisha aligonga debe kwa kidole, maana yake lipite, au aligeuza uso pembeni kama mtu aliyetukanwa na mkwe, maana yake lirudi kwa mwenyewe.

Ile pua, jamani! Angenusa kifuniko akakwambia ng'ombe alikula vitunguu mwitu, mkamuaji hakunawa mikono, na mke wa mkamuaji amerudi kwao. Hilo la mwisho labda naliongeza mimi. Lakini siziongezi habari za setla mmoja mwenye masharubu ambaye madebe yake yote yalirudishwa, naye akaja mwenyewe na gari, amevimba kama mkate.

"Nani amesema maziwa yangu mbaya?"

Mnusaji hakubishana. Alichukua kifuniko akamsogezea puani kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mgeni anavyopewa kikombe cha chai. Mzungu akanusa. Akarudi kwenye gari bila kuaga, na wanaosema kwamba alisimama kwanza nyuma ya tangi la maji akarudisha staftahi yake wanasema kweli, kwa sababu mahali pale nilipasafisha mimi.

Kinyaa cha mtu huyu kingetosha kugawiwa wilaya nzima na kingine kikabaki cha kuuza. Hakupeana mkono na mtu; aligusa kofia tu. Hakula nyumbani kwa watu. Akienda mjini alizunguka kote kule nyuma ya reli ili asipite karibu na meza ya mwuza matumbo. Chai ikiweka utando juu, alikisukuma kikombe mbali kwa kidole kimoja. "Huo utando ni ngozi ya maiti," alisema. Alinieleza hivyo siku ya kwanza tulipokaa pamoja, na tangu siku hiyo sijaunywa tena utando kwa raha. Namshukuru sana.

Halafu mtu huyo huyo, ukimkuta jioni katika laini zetu za wafanyakazi, utamwona amechuchumaa mbele ya mtoto wa jirani. "We mama, huyu mtoto ana mishumaa miwili puani, unangoja Krismasi?" atapiga kelele. Mama akijikokota, yeye mwenyewe atatoa leso yake, ile leso iliyopigwa pasi ikawa kali kama kisu, na kumpenga mtoto. Kamasi la mtoto wa mtu! Kisha atakwenda bombani na kunawa kwa sabuni mpaka viwiko, akinung'unika kwamba dunia imeoza. Kesho yake watoto walipanga foleni mlangoni pake, wengine pua zao zikiwa safi kabisa. Sikuwahi kuelewa. Nilimwuliza mara moja, akanijibu, "Kinyaa ni changu. Pua ni yake."

Basi mtu kama huyo, na pua kama hiyo, ndiye aliyepatwa na kansa ya tumbo.

Ilianza kama uvimbe chini ya kitovu, upande wa kulia. Daktari wa Nakuru aliugusa, akamtuma Nairobi. Huko wakasema hawawezi kukata wakaumaliza, bali kuna mashine inayopiga miale, na miale hiyo inaweza kuuyeyusha, akija kila wiki na asikatize. Alitueleza jinsi mashine ilivyo: unalala juu ya meza baridi, watu wote wanakimbia nje na kufunga mlango, nayo inanguruma juu ya tumbo lako wala haikugusi. "Ni kama kupigwa picha," alisema, "na mpigapicha asiyeridhika."

Alikwenda Jumatatu, akalala kwa shemeji yake Pumwani, akarudi Jumamosi kwa lori la kabeji. Wiki ya kwanza alirudi amejikunja kama kiwavi. Miale haikumwuma, lakini kila alipotoka chini ya ile mashine, muda mfupi baadaye tumbo liligeuka na kila kitu kikarudi. Alitapika chai. Alitapika maji. Kikiisha cha kutapika, alitapika kijani, na baada ya kijani alitapika sauti tu, sauti ya kinu kitupu, tukaisikia mpaka upande wa pili wa laini. Na ile pua yake, badala ya kumhurumia, ilimgeuka. Sabuni ilimnukia panya aliyekufa. Mkate ulinukia soksi. Maziwa, maziwa yenyewe yaliyomlisha miaka yote, alipoletewa kikombe aliruka kama aliyeona nyoka. Mimi nilimshikia karai siku mbili, na sitakueleza rangi. Nitasema tu kwamba kwa juma zima nilikula nikiwa nimefumba macho.

Sasa nikueleze sisi tulivyofikiri, maana bila hilo hutaelewa tulikotaka kumpeleka. Kwetu, mtu akitapika, watu humsogelea na kumwambia, "Toa! Toa yote!" Wengi wetu tulitoka kwa watu ambao mganga wao huchimba shimo dogo, akalitandika majani ya mgomba, akatia maji na dawa, na mwenye laana akainama hapo: tapika hiki, tapika kile, na uchafu unatoka unabaki shimoni. Kanisani tulikuwa tumebatizwa, sawa, lakini tumbo halikubatizwa. Kwa hiyo Mnusaji alipotapika kijani, sisi majirani tulitazamana kwa furaha. Kazi inaendelea!

Nesi wa Nairobi alikuwa amempa vidonge vya kuzuia kutapika, ameze kabla ya kwenda kwenye mashine. Alipotuonyesha, mzee wa laini yetu, aliyekuwa mlinzi wa usiku na mshauri wa mchana, alivishika kwenye kiganja na kutikisa kichwa.

"Hii ya kuzuia?"

"Ndiyo, mzee. Nimeze mbele ya mashine."

"Mashine inafukuza mwizi, wewe unafunga mlango. Mwizi atatokea wapi?"

Tuliokuwepo tukasema e-e-e. Mimi, mtu wa desimali, niliona hoja ile haina nyufa. Mnusaji akawamwagia kuku vidonge. Kuku hawakutapika, hilo nakubali.

Na kwa kuwa mwizi akisukumwa anahitaji njia laini, kina mama wakaleta mafuta ya kondoo. Mkia mzima, umechemshwa ukawa supu, juu yake mafuta ya manjano yameganda unene wa kidole, na ndani yake vipande vyeupe vinavyotetemeka vyenyewe kama vimesikia habari mbaya. Ilikuwa dawa ya mgonjwa wa kila aina tangu zamani: mzazi aliyetoka kujifungua alipewa, aliyevunjika mguu alipewa. Harufu yake ilipanda juu ya bati, ikateremka upande wa pili, ikabisha hodi.

Mnusaji alilishika bakuli. Nilimtazama. Mtu aliyeogopa utando wa chai! Alibana pua kwa vidole viwili, akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni, akanywa mpaka chini na kumeza vipande kama alivyopewa. Alipomaliza alisema kitu kimoja tu: "Nataka kuona Rebeka akiolewa." Rebeka alikuwa binti yake wa pekee, wakati ule bado hajafika darasa la tano.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kila Jumatatu kabla ya kuondoka alikunywa mkia wa kondoo, kila Jumamosi alirudi mwembamba zaidi. Suruali yake ilifungwa kwa kamba ya gunia. Mashavu yaliingia ndani mpaka ungeweza kuweka yai kila upande. Nesi alimpima uzito na kumwambia kwamba akizidi kupungua watasimamisha mashine mpaka apate nguvu, na mashine ikisimama uvimbe nao hautasimama. Yeye akaja kutueleza hayo, sisi tukamwambia, "Wazungu hawajui."

Ndipo ikaja Jumamosi ya Mai Mahiu. Siku hiyo alikula mafuta huko huko Nairobi, kwa sababu shemeji naye alikuwa amepashwa habari. Lori likateremka mteremko mkali wa bonde, kona baada ya kona, petroli inanuka, kabeji zilizochacha zinanuka, dereva anavuta kiko. Walipofika chini Mnusaji akagonga bati kwa viganja vyote viwili. Akashuka, akainama kando ya barabara, na kile kilichotoka nimekwisha kukueleza, kwa maneno ya dereva.

Dereva alifika laini kabla abiria wake hajashuka vizuri. "Imetoka! Mama yangu afe, imetoka! Nimeiua na spana!"

Hebu fikiria shangwe. Jumapili tulichanga tukanunua mbuzi. Nyimbo za kanisa na nyimbo nyingine zilichanganyika. Mzee wa laini alisimama akasema, "Mwizi ameuawa barabarani, tena hadharani. Sasa kijana yetu apumzike. Nairobi ya nini tena?" Na Mnusaji, aliyekaa kwenye kiti amefunikwa blanketi, aliitikia kwa kichwa. Sikumlaumu. Alikuwa amechoka na kutapika kuliko alivyoogopa kufa. Alisema, kwa sauti ndogo, "Siendi tena. Afadhali nife nikiwa msafi."

Mama Rebeka, mkewe, alikuwa mama mfupi, mkavu, asiyesema sana. Alikuwa amemsaidia mumewe kuingia ndani kulala kidogo, kisha akatoka, akasimama katikati yetu na kikapu cha sahani chafu.

"Kesho anaenda," alisema.

"Mama Rebeka," mzee akasema, "hiyo kitu si imetoka?"

"Mzee, nyinyi wote hapa ni watu wa maziwa. Ng'ombe ukimkamua nusu ukamwacha, nini inatokea?"

Kila mmoja alijua. Maziwa yaliyobaki huoza ndani, chuchu huvimba, huwa ngumu kama jiwe, na hutoa usaha wenye uzi. Ni kitu kinachonuka kuliko vyote nilivyowahi kukutana navyo kazini, na nimekutana na vingi.

Kutoka dirishani tukasikia sauti ya Mnusaji. "Usitaje hiyo mbele ya chakula!"

"Nataja," mkewe akamjibu bila kugeuka. "Wewe umekamuliwa nusu. Kesho tunaenda, na mimi naenda na wewe, na huyo nesi ataniambia mimi kwa masikio yangu."

"Na nitatapika tena?"

"Hutatapika. Kama utatapika, utatapika kwangu, si kwa barabara."

Wakaenda. Na waliporudi, laini yetu ikapata serikali mpya.

Jambo la kwanza, vidonge vilimezwa, saa ile ile nesi aliyosema, kabla ya mashine na si baada, na Mama Rebeka alimfungua mdomo mumewe kuhakikisha, kama anayekagua meno ya punda. La pili, mafuta ya kondoo yalipigwa marufuku. Mama mmoja alipoleta bakuli kwa moyo mwema, alirudishiwa mlangoni. "Asante dada, peleka kwa mzazi." Chakula chake kikawa kidogo kidogo, mara nyingi: mkate mkavu, kiazi kilichopoa, uji mwepesi uliochujwa. Kila kitu baridi, kwa sababu chakula baridi hakipigi kelele puani. Maji ya tangawizi alikunywa funda moja moja, na ndimu iliyokatwa ilikaa karibu na kichwa chake anuse harufu nyingine zikimvamia. Akila, halali; anakaa amenyooka kama askari. Akitapika, anasukutua kwa maji ya chumvi, anapumzika, anaanza tena na funda moja.

Haya ya nyumbani mwake yalivumilika. Lakini Mama Rebeka alivuka mipaka. Alianza kuzunguka laini nzima kabla ya chakula cha jioni akinusa hewa, yeye ambaye hakuwa na pua yoyote ya kusifiwa.

"Nani anakaanga vitunguu?"

"Ni mimi, Mama Rebeka, ni kidogo tu."

"Upepo unaelekea kwangu. Zima ama ngoja ugeuke."

Tulikula mboga za kuchemsha, bwana! Wanaume wazima, tumetoka kazini, tunakula sukuma wiki isiyojua kitunguu wala mafuta, kwa sababu ya tumbo la mtu mwingine. Tulinung'unika. Tulisema mama huyu anamfungia mumewe ugonjwa ndani na kutufungia sisi kitunguu nje. Mlinzi mzee alikataa kumsalimu kwa wiki mbili nzima, na yeye hakuonekana kutambua.

Lakini Mnusaji akaacha kukonda. Alitapika bado, siku mbaya mbaya, ila si kila siku, na chakula kingine kikakaa. Suruali ikaachana na kamba. Mashine haikusimamishwa, akaimaliza yote kama alivyopangiwa. Mimi nilikuwa na maelezo yangu tayari, na niliyatoa kwa yeyote aliyeuliza: kansa ilitoka Mai Mahiu, na wiki zile nyingine zilikuwa kupiga lipu nyumba ambayo imekwisha kujengwa. Niliyaeleza vizuri sana. Nilitumia hata ubao wa shule ya usiku.

Hakurudi kwenye jukwaa la saruji. Pua haikutaka tena vifuniko. Siku moja alijaribu, akafungua debe la kwanza, akalifunga taratibu, akavua aproni, akaikunja mara nne. Wakahamia Ndabibi, kwa mzungu mmoja aliyemtaka asimamie ndama. Ndama hunywa maziwa lakini hawanuki maziwa, alisema. Wananuka majani na usingizi.

Nilimwona tena baada ya kuhitimu shule ya usiku na kufanywa karani wa kiwanda, mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilitumwa Ndabibi kwa shughuli za madebe. Nilimkuta zizini, amenenepa kidogo, anamkemea mchungaji kwa sababu ya kucha zake. Aliniona, akagusa kofia. Alinitazama kuanzia kalamu mpaka viatu na kusema, "Umekuwa mkubwa. Umekanyaga kitu."

Kweli, nilikuwa nimekanyaga.

Akanipeleka nyumbani, akarudi kwa ndama wake aliyekuwa anaharisha. Mama Rebeka akanikaribisha chai, bila utando. Alinipa habari za Rebeka, ambaye alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa Gilgil. Mahari ilikuwa inazungumzwa na baba mwenyewe, akikataa kila mbuzi anayenuka. Tulicheka sana. Nami kwa furaha, nikiwa nimejiegemeza kama mtu wa nyumbani, nikauliza lile nililotaka kuuliza miaka yote.

"Mama, ile kitu ya Mai Mahiu, ilikuwa na meno mawili ama ni zaidi?"

"Kitu gani?"

"Kansa. Ile dereva aliua na spana."

Akaweka chini birika.

"Hiyo ilikuwa mafuta ya kondoo," alisema. "Kipande alichomeza bila kutafuna. Manyoya ni ya mkia, hawakuuchoma vizuri. Meno ni ya dereva."

"Na kansa yenyewe?"

"Ilikuwa tumboni. Ile Jumapili mkila mbuzi, nilimlaza ndani nikamshika tumbo kwa mkono wangu. Ilikuwa pale pale, kubwa vile vile. Iliisha na mashine, kidogo kidogo, baada ya chakula kuanza kukaa. Kutapika hakukuitoa. Kutapika kulikuwa kunamwua."